"Hakuna cha Kupika": Je, Ni Kweli?
Mlo wa nyumbani kwa vitu vilivyomo jikoni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mlezi wa viumbe vyote, aliyetuumba na akaturuzuku. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumbani kwake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wake hadi siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo. 

Kila mwaka katika jarida letu hili huwa tunazungumza juu ya twahara, sala, tajwidi na adabu za mwanafunzi. Mwaka huu tumeona tuingie jikoni. Huenda baadhi yenu mkauliza: jikoni na madrasa vina uhusiano gani? Tunaomba msomaji awe na subira, kwani somo hili lilitujia lenyewe, tena kwa njia iliyotutia aibu.

KISA KILICHOTUFUNDISHA

Mwaka jana mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka 10, alisinzia darasani siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza tulimkemea. Siku ya pili tulimsimamisha ukutani. Haukupita muda, miguu ikamshinda akakaa chini. Hapo ndipo tulipomwuliza taratibu kama amekula. Akatujibu kwamba tangu jana adhuhuri wamekunywa chai ya rangi tu, kwa kuwa nyumbani hakuna cha kupika.

Baada ya sala ya Alasiri walimu wawili tulifuatana naye mpaka kwao. Tulimkuta babu yake barazani, mzee ambaye macho yamempungua nguvu, na dada yake mwenye miaka 14. Mama yao alikuwa amelazwa hospitali na mtoto mchanga, na baba yao alikuwa safarini baharini. Tuliomba ruhusa tutazame jikoni. Tukakuta mchele kiasi cha nusu kilo, kopo la choroko, vitunguu viwili, nazi moja, chumvi, na ndimu mbili zilizoanza kukauka. Yule binti akatuambia kwa unyenyekevu: "Mwalimu, hakuna samaki, hakuna nyanya, na mafuta yamekwisha. Sasa tutapika nini?"

Binti yule si mvivu, na wala si mtoto mbaya. Sala zake hazimpiti na kusoma anasoma vizuri. Lakini hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba mchele, choroko na nazi ni mlo kamili. Yeye alijua kupika wali na mchuzi wa samaki kama alivyomwona mama yake akipika. Kilipokosekana kimoja, akaona vyote vimekosekana. Saa moja baadaye nyumba ile ilikula mseto wakashiba, na bakuli moja likapelekwa hospitali kwa mama likiwa bado moto.

Tulirudi na mambo mawili moyoni. La kwanza ni majuto, kwani tulimwadhibu mtoto kwa sababu ya njaa yake. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, kama tulivyomsimamisha mbele ya wenzake. La pili ni swali: ni wanafunzi wetu wangapi, wa kiume na wa kike, wakiachwa nyumbani siku moja na mchele, unga na kunde, watalala na njaa ilhali chakula kipo? Makala haya ni jibu letu dogo kwa swali hilo.

DINI YETU INATUFUNDISHA NINI

Kabla hatujawasha moto, tuyaangalie mafunzo machache.

(a) Kuridhika na kilichopo. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki. Aliagiza iletwe akaila, huku akiisifu kuwa ni kitoweo kizuri. Tazama, ndugu msomaji! Hakusema "hakuna kitoweo". Naye Bibi Aisha (r.a.) ameeleza, katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, kwamba ilikuwa ikiandama miezi na nyumba za Mtume (s.a.w.) hazikuwashwa moto wa kupikia. Chakula chao kilikuwa tende na maji.

(b) Kutokitia kasoro chakula. Abu Huraira (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) hakuwahi kukitia chakula aibu. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha.

(c) Kutofanya israfu. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu (s.w.) ametuamrisha tule na tunywe lakini tusipite kiasi.

(d) Kazi ya nyumbani si aibu kwa mwanamume. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Basi vijana wa kiume wasigeuze ukurasa huu wakadhani ni wa dada zao.

Vilevile tukumbuke kisa cha Wana wa Israili katika Surat Al-Baqara, aya ya 61. Walichoka na chakula cha namna moja, wakamwomba Nabii Musa (a.s.) awaombee vinavyoota ardhini: mboga, matango, adesi, vitunguu na vinginevyo. Wakakemewa kwa kutaka kubadilisha kilicho bora kwa kilicho duni. Leo sisi tuna vitunguu na adesi makoponi, nasi twalalamika kwa kukosa nyama. Hivyo ndivyo ilivyo nafsi ya mwanadamu isipofundishwa.

WAZEE WETU WALIKULA NINI

Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipita pwani yetu mwaka 1331. Alipofika Mombasa aliona kwamba chakula kikubwa cha watu wake ni ndizi na samaki, na kwamba kisiwa hakikuwa na kilimo cha nafaka, bali nafaka ililetwa kutoka pwani ya bara. Watu wale hawakukaa kungoja jahazi la nafaka ndipo wale. Walipika ndizi.

Tena tuzingatie jambo hili. Mahindi, muhogo, maharage, nyanya na pilipili hoho asili yake ni bara la Amerika. Vilifika kwetu baada ya Wareno kuanza kupita bahari zetu. Kwa hiyo ile nyanya ambayo leo ikikosekana tunasema hakuna mchuzi, wazee wetu wa zamani hawakuijua kabisa, na mchuzi walikula. Ukali waliupata kwenye ukwaju, ndimu na maembe mabichi. Mapishi hubadilika kwa kufuata kilichopo, na ndivyo yalivyokuwa siku zote.

MAMBO MANNE YA KUTAZAMA UFUNGUAPO KABATI

Ukiingia jikoni usianze kwa kuuliza "nipike chakula gani?" Ukianza hivyo utalitaja pishi, kisha utahesabu vinavyokosekana. Anza kwa kuuliza "kuna nini?" Halafu kila unachokiona kipange katika mafungu haya manne:

1. Cha kushibisha: mchele, unga wa mahindi, wa ngano, wa mtama au wa muhogo, viazi, ndizi mbichi, muhogo, mkate.

2. Cha kujenga mwili: choroko, kunde, maharage, dengu, mbaazi, karanga, dagaa, mayai, maziwa, samaki, nyama.

3. Cha mboga na matunda: mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, kisamvu, bamia, na matunda ya msimu.

4. Cha kutia ladha: chumvi, kitunguu, thumu, tangawizi, ndimu, ukwaju, nazi, bizari, pilipili, mafuta au samli.

Ukipata kimoja katika fungu la kwanza na kimoja katika fungu la pili, tayari una mlo. Ukiongeza la tatu, mlo umekamilika. La nne linafanya mlo upendeze.

Kwa nini tunasisitiza kuchanganya fungu la kwanza na la pili? Protini za nafaka zina upungufu wa sehemu moja muhimu, ambayo kunde, choroko na maharage wanayo kwa wingi. Nao jamii ya kunde wana upungufu wa sehemu nyingine ambayo nafaka inayo. Vikiliwa pamoja, kila kimoja humtimizia mwenziwe. Kwa hiyo wali kwa maharage si chakula cha dhiki kama wengi wanavyodhani. Ni chakula cha maana sana kwa mtoto anayekua.

MIFANO MITANO

Vipimo tunavyotaja ni vya kikombe cha chai cha kawaida, na kila mfano unatosha watu wanne hivi.

Mfano wa kwanza: Mseto.

Hiki ndicho tulichopika siku ile. Chukua mchele vikombe 2, choroko kikombe 1, nazi 1, kitunguu 1 na chumvi. Chagua choroko utoe mawe, zioshe, uzichemshe kwa vikombe 4 vya maji kwa muda wa nusu saa hivi mpaka zipasuke. Choroko hazihitaji kurowekwa, ndiyo maana ni rafiki wa mtu mwenye haraka. Zikiwa jikoni, kuna nazi. Kamua kwanza tui zito kikombe 1 uliweke kando, kisha tia maji katika machicha ukamue tui jepesi vikombe 3. Choroko zikiiva, tia mchele uliooshwa, kitunguu kilichokatwa, chumvi na tui jepesi. Likikaribia kukauka, mimina tui zito, punguza moto, na uvuruge kwa mwiko mpaka mseto ulainike. Funika uache ujipike kwa moto mdogo. Kamulia ndimu wakati wa kula. Kama hakuna nazi, tumia maji na kijiko cha mafuta au samli.

Mfano wa pili: Chapati za maji za kitunguu.

Nyumbani kuna unga wa ngano na kitunguu tu. Tia unga vikombe 2 katika bakuli pamoja na chumvi. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga, kwani ukiyatia yote kwa mara moja utapata madonge. Vikombe 2 vya maji hutosha kwa kawaida, na ukiona ni mzito ongeza kidogo. Unataka uji unaotiririka. Tia kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo, na yai moja kama lipo. Uache robo saa. Kama mafuta ni machache, kata kitunguu nusu, kichome kwa uma, kichovye katika mafuta, upakaze kikaango. Kijiko kimoja kitafika mbali. Mimina upawa mmoja, tandaza, na ugeuze pale juu panapokauka na kingo zinapoachana na kikaango. Zinaliwa kwa chai, kwa maharage, au kwa siki na pilipili, na atakayezila kwa siki ana mfano mwema wa kuufuata.

Mfano wa tatu: Ugali kwa dagaa wa ukwaju.

Chukua dagaa wakavu kikombe 1 na nusu. Watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto mara mbili ili mchanga utoke. Waweke katika sufuria kavu juu ya moto, uwageuze mpaka wakauke na waanze kunukia. Tia mafuta kidogo na kitunguu. Loweka ukwaju kiasi cha yai katika nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, uukamue na kuuchuja, kisha uumimine juu. Ukiwa na tui, tia. Usipokuwa nalo, tia maji kidogo, chumvi na pilipili. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, hivyo humpa mtoto madini ya chokaa ya kujengea mifupa na meno. Pembeni weka majani yoyote uliyonayo. Matembele na majani ya maboga huota nyuma ya nyumba nyingi, na watu hupita wakiyakanyaga wakienda kununua mboga sokoni.

Mfano wa nne: Muhogo au ndizi za nazi.

Wengi wetu huvijua vyakula hivi mwezi wa Ramadhani peke yake, kana kwamba vimeandikiwa futari tu. Menya, kata, chemsha kwa tui jepesi na chumvi mpaka vilainike, kisha malizia kwa tui zito kwa moto mdogo. Ukiwa na kunde zilizoiva, changanya humo humo. Hapo umepata cha kushibisha na cha kujenga mwili katika sufuria moja.

Mfano wa tano: Mkate uliolala.

Mkate au chapati ya jana iliyokauka haifai kutupwa ikiwa haijashika ukungu. Chemsha dengu au choroko kwa maji mengi, unga kwa kitunguu, thumu na bizari ili upate mchuzi mwepesi. Katakata mkate katika sinia, mimina mchuzi ukiwa moto, uache unywe dakika tano. Hii ni namna ya tharidi, chakula ambacho Mtume (s.a.w.) alikitaja kwa ubora alipoeleza fadhila za Bibi Aisha (r.a.). Asili ya tharidi ni mkate na mchuzi wa nyama, lakini mwenye dengu naye asijinyime.

KIKIKOSEKANA HIKI, TUMIA KILE

Hakuna nyanya: ukwaju, ndimu au embe bichi. Lakini angalia, kwa maharage na jamii yake tia ukali huo mwishoni, baada ya kuiva. Ukitia mapema, maganda hukakamaa na maharage hukesha jikoni.

Hakuna nazi: karanga zilizosagwa na kukorogwa kwa maji, au maziwa.

Hakuna mafuta: pika chukuchuku. Kitunguu, chumvi, thumu na ndimu vinatosha kabisa kwa mchuzi wa samaki au wa kunde.

Hakuna sukari ya uji: tende mbili tatu zilizopondwa, au chumvi kidogo na ndimu. Na kumbuka, unga wa uji ukoroge kwanza kwa maji baridi ndipo uumimine katika maji yanayochemka, usije ukanywa madonge.

Mchele hautoshi: changanya na choroko, kunde au viazi. Hakuna haja ya kumwambia mgeni.

Jambo moja zaidi juu ya ndimu na chai. Madini ya chuma, yanayosaidia damu, yamo katika kunde, maharage na majani ya kijani, lakini mwili huyachukua kwa shida. Ukikamulia ndimu au kula tunda lenye ukali kama chungwa, mwili huyachukua kwa urahisi zaidi. Chai ikinywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake. Basi chai iache baada ya chakula kwa saa moja hivi, hasa kwa mama wajawazito na watoto.

TAHADHARI

Kupika kwa vilivyopo si kupika ovyo ovyo. Dini yetu imetukataza kujitia katika maangamizi. Tunaomba mambo haya matano yasomwe kwa sauti nyumbani.

1. Maharage. Yaroweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa maji mapya. Yatokote kwa nguvu walau dakika 10 za mwanzo, ndipo upunguze moto mpaka yaive kabisa. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha.

2. Kisamvu na muhogo. Kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri, kwani kikiwa kibichi kina sumu. Muhogo mchungu nao haupikwi kama muhogo mtamu. Usipoujua, waulize wakubwa kwanza.

3. Ukungu. Mahindi, unga au karanga zilizoshika ukungu zisiliwe, hata kama njaa ipo. Kuna sumu ya ukungu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 huko mashariki ya Kenya watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Weka nafaka mahali pakavu, juu ya ubao, si sakafuni, na chombo kifunikwe.

4. Kiporo. Wali uliopikwa usikae nje zaidi ya saa mbili, hasa kwa joto letu la pwani, na hasa ukiwa wa nazi. Kuna vijidudu ambavyo havifi mchele unapopikwa. Wali ukipoa huzaliana na kutoa sumu, na kupasha moto hakuiondoi sumu hiyo. Asiye na jokofu apike kwa kiasi cha walaji. Na hapa ndipo tunaona hekima ya kukatazwa israfu.

5. Moto. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa wala lisiingizwe chumbani usiku, kwani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Mafuta yakishika moto usimwagie maji. Zima jiko ukiweza, funika kikaango kwa mfuniko, usikiondoe mahali pake. Watoto walio chini ya miaka 12 wasipike bila mtu mzima kuwa karibu.

KWA WAZAZI WETU

Tunajua hali za nyumba zetu. Mwaka 2022 mafuta ya kupikia na unga wa ngano vilipanda bei mpaka wengine wakaacha kukaanga kabisa. Hatuandiki makala haya kuwaambia watu wavumilie, wala hatusemi kwamba mwenye njaa amekosa elimu. Tunaomba mambo mawili tu. Kwanza, muwaite watoto jikoni, wa kiume na wa kike, wakatazame na washike mwiko wenyewe. Mtoto anayefukuzwa jikoni kila siku kwa kuwa anasumbua, ndiye atakayekaa na njaa siku mama akilazwa. Pili, kama mna nafasi, wekeni akiba ndogo isiyoguswa: mchele kilo moja, choroko au kunde nusu kilo, chumvi, na boksi la viberiti. Akiba hiyo ni kwa siku isiyojulikana.

Na nyumba zenye wasaa tunazikumbusha wosia wa Mtume (s.a.w.) kwa Abu Dharr (r.a.), kwamba apikapo mchuzi auongeze maji na awaangalie majirani zake. Hakuagizwa kuongeza nyama. Maji tu yalitosha kumfanya jirani naye apate. Kama pipa letu la taka lina wali kila asubuhi na mtoto wa jirani anakuja madrasa na chai ya rangi tumboni, basi sote tuna la kujibu.

HITIMISHO

Wanafunzi wetu wapendwa, kuna siku kopo linakuwa tupu kweli, na hapo hakuna ufundi wa kupika utakaosaidia. Siku hiyo semeni. Mwambieni mwalimu au jirani mnayemwamini. Kusema "sijala" si kuomba, na si aibu. Aibu ni ya yule aliyeambiwa akanyamaza. Nasi walimu tumejiwekea kanuni: mtoto akisinzia, tunamwuliza amekula nini kabla hatujamwuliza amehifadhi nini.

Tangu kisa kile, kila Alhamisi baada ya darasa wanafunzi wakubwa hujifunza pishi moja katika uwanja wa madrasa, kwa vitu watakavyovikuta siku hiyo. Mama wa mtoto yule alirudi nyumbani salama pamoja na mtoto wake, Alhamdulillah. Siku moja mtoto mwenyewe alikuja na bakuli lililofunikwa kawa, akasimama palepale ukutani tulipomsimamisha, akatuambia ni mseto, kaupika mwenyewe. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo. Tukanawa, tukasema Bismillahi, tukala wote, na hakuna aliyekitia kasoro chakula kile.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atubarikie katika alichoturuzuku, awashibishe wenye njaa, na ajaalie mikono yetu iwe mikono ya kulisha. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mafungu manne ya vitu vya jikoni, na vitu viwili vya kila fungu kutoka nyumbani kwenu.
2. Kwa nini ni vizuri kula wali pamoja na kunde au maharage?
3. Kwa nini ukwaju au ndimu hutiwa mwishoni unapopika maharage?
4. Wali wa nazi umebaki tangu adhuhuri hadi usiku, na hamna jokofu. Utafanya nini, na kwa nini?
5. Kazi ya nyumbani: fungua kabati la jikoni kwenu kwa idhini ya mama. Andika vilivyomo, kisha pamoja naye mpike mlo mmoja bila kwenda dukani. Mlete maelezo Jumamosi ijayo insha Allah.

Wabillahi tawfiq.